Tuktuk ya Habari Ilivyomuulizia Paka wa Bosi

Jamani, leo nimejianika. Si kidogo. Nimejianika kwa spika mbili, mtaa kwa mtaa, kutoka Makadara hadi Mji wa Kale, na tuktuk yenyewe niliikodi mimi.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati mtadhani nimerukwa na akili. (Hata nikianzia mwanzo mtadhani hivyo, lakini angalau mtajua ilivyokuwa.)

Mnajua nina shahada ya utawala wa umma. Mnajua pia kwamba tangu nihitimu nimekuwa nikiitazama hiyo shahada kama mtu anayetazama simu isiyolia. Basi miezi mitatu iliyopita nikapata kazi ya majaribio katika ofisi moja ndogo hapa kisiwani Mombasa. Tunakusanya habari za manispaa za pwani: mji gani umeweka taa za jua sokoni, mji gani umeyahamisha malori yake yapite barabara ya nje, mji gani umeanza kuwapa wachuuzi vibanda vyenye maji. Tukishakusanya tunazichapa katika jarida, na jarida tunaligawa bure.

Tatizo ni hilo neno bure. Wiki yangu ya pili nilinunua bhajia pale Makadara nikazifungua, na nani nimkute amelowa mafuta? Makala yangu. Ya kwanza kabisa. Kuhusu mitaro.

Nikamwambia bosi wangu, Bi. Salma. Huyu ni mama wa makamo, mtulivu, miwani yake inakaa ncha ya pua, na mtu akizungumza sana humkata kwa neno moja tu: "Lifupishe." Nilimweleza kwa dakika ishirini kwamba watu wa Mji wa Kale hawasomi jarida, kwamba malori ya matangazo hayaingii katika vichochoro, kwamba labda tungezirekodi habari na kuzipitisha kwa tuktuk. Akasema nilifupishe. Nikasema: "Tuktuk yenye spika." Akasema sawa, na sauti iwe yangu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuizindua. Maafisa wa manispaa nne walialikwa wakae chini ya hema katika uwanja mdogo karibu na bandari ya kale. Tuktuk ingeanzia Makadara, ipite Kibokoni, iteremke Ndia Kuu, kisha iwasili mbele yao ikitangaza. Na leo hiyohiyo ndiyo siku yangu ya mwisho ya majaribio. Yaani jioni ningekuwa na barua ya kuajiriwa, au ningekuwa na mfuko wa nguo nikirudi Kaloleni kwa mama.

Na hapo kwa mama ndipo penye moto.

Wiki mbili zilizopita mama alinipigia simu akaniuliza, kama anavyoniuliza kila Jumapili, "Wamekuandika?" Sijui nini kilinipata. Nilikuwa nimechoka kusema bado. Nikasema, "Wameniandika, mama." Mama alilia. Kesho yake akasimama kwenye maombi ya akina mama akatoa ushuhuda. Nilipokwenda nyumbani nikakuta kuku wawili wamechinjwa na majirani wamekaa kwenye viti vya kuazima wakinisubiri. Nikala paja. (La kazi nisiyokuwa nayo. Lilikuwa tamu, Mungu anisamehe.)

Kwa hiyo mnaelewa. Leo ilikuwa ama niajiriwe, au niwe mwongo wa kanisa zima.

Sasa jana alasiri nilijifungia chumbani kwa shangazi, hapo Makadara ninapoishi, nikajifunika blanketi ili sauti itoke safi, nikarekodi habari. Dakika sita. Mambo ya manispaa za wenzetu, halafu mambo yetu: mapipa mapya ya takataka, na kwamba mikokoteni ya takataka itapita vichochoroni Jumatatu na Alhamisi. Nikasikiliza. Nikajipenda.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini mimi huwa siishii hapo. Nikaanza kuwaza: kesho nikimuomba Bi. Salma barua, nitaanzaje? Hapa Mombasa humwendei mtu mzima na haja yako mkononi kama mpeleka barua. Unaamkia. Unauliza za asubuhi, za nyumbani, za afya, za watoto, unasubiri ajibu, unajibu unavyoulizwa, ndipo haja inapata mlango wa kuingilia. Na mimi kwenye maamkizi huwa napotea. Basi palepale chini ya blanketi nikaamua kufanya mazoezi, na nikajirekodi ili nisikie kama sauti inatetemeka.

Ilikuwa inatetemeka.

Baadaye nikaenda kuhamishia habari kwenye flashi ya kuchomeka kwenye redio ya tuktuk. Nikaziweka nakala mbili, maana niliwaza, je, moja ikiharibika? Halafu nikawaza, je, nakala zote mbili nikizikosea jina? Nikabonyeza "chagua zote" ili nisiache kitu. Sikuacha kitu.

Asubuhi saa tatu na nusu nikamkuta dereva, Athmani, ameshaifunga spika moja mbele na moja nyuma. Athmani ni mtu wa miaka arubaini hivi, mpole, haulizi maswali. Nikamkabidhi flashi. Akachomeka. Sauti yangu ikatoka, nzito, tulivu, kama ya mtu aliyekwisha kununua kiwanja.

Nawaambia ukweli, watu walisikiliza. Bi. Rukia, anayekaanga viazi karai pale pembeni, alipunguza moto ili asikie habari za mapipa. Wauza leso wawili waliacha kubishana. Athmani akazunguka Makadara polepole, habari zikaisha, zikaanza tena, na mimi nikajiambia: Katana, leo umekuwa mtu. Kazi yangu iliyobaki ilikuwa kwenda uwanjani nikasimame karibu na Bi. Salma. Lakini niliona nina dakika za kutosha kunywa kikombe kimoja cha kahawa na kujipongeza. (Andikeni hapo. Kikombe kimoja.)

Nilikuwa nimepiga funda la pili. Tuktuk ilikuwa imeshaingia Kibokoni, naisikia kwa mbali. Habari zikaisha mara ya pili. Kimya kifupi. Kisha, juu ya mapaa ya Mji wa Kale, nikajisikia nikisema:

"Shikamoo, Bi. Salma. Hapana. Hiyo imetoka kama mtu anayeuza sabuni. Rudia."

Kahawa ilinipanda puani.

"Shikamoo, Bi. Salma. Habari za asubuhi? Za nyumbani? Za watoto? Hana watoto. Wewe Katana una akili kweli? Ana paka."

Nikampigia Athmani simu. Ikalia, ikalia. Mtu aliyekaa katikati ya spika mbili hasikii simu. Nikamlipa muuza kahawa au sikumlipa, sikumbuki, kesho nitapita kumuuliza. Nikakimbia.

Sasa nikikimbia nilikuwa napiga hesabu ya yaliyomo. Rekodi ile naijua. Sehemu ya kwanza ni maamkizi, dakika nne. Sehemu ya pili namuigiza Bi. Salma. Sehemu ya tatu ni mama. Nikiikamata kwenye maamkizi, nimeaibika lakini nitaishi. Nikiikamata kwenye kuigiza, sina kazi. Nikiikosa hadi kwenye mama, sina kazi na sina uso.

"Nimuulize paka?" spika zikauliza. "Nikiuliza, atadhani namdhihaki. Nisipouliza, atadhani sina adabu. Paka hajambo, Bi. Salma? Bi. Salma, paka hajambo?"

Niliingia Kibokoni nikakuta watu wote wametoka milangoni. Habari za mapipa walizisikiliza wakiwa ndani, lakini za paka wametoka nje. Mama mmoja juu ghorofani alikuwa amejiegemeza dirishani kama anayetazama harusi. Nikamuuliza mzee mmoja tuktuk imepita wapi. Akanitazama, akainamisha kichwa kando kama anayesikiliza.

"Hebu sema tena," akaniambia.

"Tuktuk, baba. Imepita wapi?"

"Ndiwe!" Akawageukia wenzake. "Ndiye huyu. Yuna haja kwa Bi. Salma, maskini."

Wenzake wakaanza kunishauri. Mmoja akasema mtu haulizwi paka wake, kwani paka ni nani yake. Mwingine akasema si kweli, paka yuko nyumbani, na umeuliza za nyumbani, basi na yeye yumo. Walikuwa wameshaanza kubishana kwa dhati. Yule mama wa dirishani akanionyesha kwa kidole: chini, kushoto. Halafu akanipa dua, na ilivyokuwa ndefu nilijua ananionea huruma kweli.

Kushoto kulikuwa na mkokoteni wa maji umekwama kati ya kuta mbili, mitungi imejaa, na mwenyewe amesimama nyuma akifuta jasho. Hakuna pa kupita. Nikamuomba arudi nyuma. Akaniambia taratibu, kwanza asikilize, maana kijana huyu bado hajaifikia haja yake. Nikamwambia kijana ni mimi. Akanipa mkono. Akaniuliza hali. Akaniuliza za nyumbani. Na mimi, nafsi yangu inawaka, kichochoro kizima kinanisikia nikisema kwa spika, nilisimama pale nikamjibu salama, na nyumbani hawajambo, na yeye je? (Nimelelewa hivyo. Nifanyeje?)

Nikazunguka kwa nyuma. Nilipotokea Ndia Kuu, sehemu ya pili ilikuwa imeanza.

Sikuwahi kujua kwamba mimi ni mwigizaji mzuri. Sauti ya Bi. Salma ilitoka vilevile alivyo, ile ya puani, ya polepole, na nilikuwa nimeongeza hata ule mlio wa kuweka miwani mezani. "Katana. Lifupishe." Kisha mimi: "Bi. Salma, miezi mitatu nimefanya bidii." Kisha yeye: "Bidii ipi? Ile ya kulala juu ya kompyuta siku ya Jumatano?" Kisha mimi: "Nilikuwa nawaza, Bi. Salma." Watu wa Ndia Kuu walikuwa wanacheka hadi wanashikana mabega.

Nikaiona. Tuktuk iko mbele, kama hatua hamsini, inakata kona kuelekea uwanjani. Nikapiga kelele. Athmani akaniona kwenye kioo, akatabasamu, akanipungia mkono kwa fahari. Mtu wa watu. Akaenda zake.

Nilifika uwanjani nikihema. Hema jeupe. Viti vya plastiki. Maafisa wa manispaa nne, wamevaa vitambulisho shingoni, daftari mapajani. Bi. Salma mbele kabisa, mkoba magotini, miwani ncha ya pua. Tuktuk imesimama mita tatu kutoka kwake. Na Athmani, kwa wema wake, alikuwa amezima injini ili wageni wasikie vizuri zaidi.

Nikajirusha kwenye dirisha la tuktuk nikashika kitufe cha redio nikakizungusha. Nilikizungusha upande wa kuongeza.

"BI. SALMA," nikasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya maji, "UKWELI NI KWAMBA NIMEMDANGANYA MAMA. NIMEMWAMBIA NIMEAJIRIWA. WAMECHINJA KUKU WAWILI. NIMEKULA PAJA."

Ndipo nikaing'oa flashi.

Kunguru mmoja akalia juu ya hema, na hata yeye nilimwona kama anacheka. Athmani akaniuliza kwa upole kama kuna tatizo.

Afisa mmoja wa manispaa za huko kaskazini, mwanaume mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, akainua mkono. Akauliza kwa heshima kabisa kama hii sehemu ya maigizo nayo ni ya kila wiki, maana kwao wangependa kuiga.

Nilitamani niwe moja ya yale mapipa mapya.

Bi. Salma akavua miwani. Akaiweka juu ya mkoba. (Mlio ulikuwa uleule.) Akasema:

"Marahaba, Katana. Habari za asubuhi ni njema. Nyumbani salama. Paka hajambo."

Uwanja wote ulinitazama. Nyuma yangu walikuwa wameshafika watu wa Kibokoni waliokuwa wakiifuata tuktuk, hata Bi. Rukia, ambaye alikuwa ameacha viazi vyake na kuja na mwiko mkononi.

"Haja yako sasa," akasema Bi. Salma.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya saa nzima chini ya blanketi, na sasa halikuja hata neno moja kati ya yale.

"Naomba kazi," nikasema.

"Umelifupisha."

Kisha akamgeukia Bi. Rukia, akamuuliza, mbele ya wageni, mkokoteni wa takataka unapita lini. Nilifumba macho. Nilijua hapo ndipo mradi wangu unakufa. Watu wamekuja kwa ajili ya paka.

"Jumatatu na Alhamisi," akasema Bi. Rukia. "Alilisema mara mbili kabla hajaanza kujisumbua."

"Na wale wa mji wa pili katika habari wanaleta nini sokoni?"

"Taa za jua. Nasi twazitaka."

Maafisa wakaandika. Yule wa kalamu tatu akaandika kwa kalamu mbili.

Bi. Salma akafungua mkoba akatoa bahasha ndefu. Akasema barua imeandikwa, bado sahihi tu, na sahihi hataitia mpaka nimpigie mama yangu sasa hivi na kumwambia ukweli. Hawezi, akasema, kumpa habari za mji mtu ambaye habari za nyumbani kwake si za kweli.

Nikapiga. Niliomba asipokee. Alipokea kabla haijalia mara mbili, kama kawaida ya mama. Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, nikiwa nimewapa mgongo watu sitini.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Na wale kuku?"

"Wameshaliwa, mama."

"Najua wameshaliwa, nilipika mimi. Nakuuliza akina mama wa maombi nitawaambia nini?"

Bi. Salma akanyoosha mkono, nikampa simu. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoumbuka kuliko pote. Maana mama yangu, bila blanketi, bila mazoezi, bila kujua anaongea na nani, alianza. Akamuamkia. Akauliza za asubuhi, za kazi, za jua la Mombasa. Akauliza za nyumbani. Bi. Salma akajibu salama. Kisha nikasikia sauti ya mama, nyepesi kabisa, ikiuliza:

"Na mifugo je?"

"Nina paka tu, mama."

"Naye hajambo?"

"Hajambo."

Na wakaendelea mbele! Dakika nne nimelizungusha neno hilo, nimelipeleka Kibokoni, nimelifikisha bandarini, na mama amelipita kama anayevuka kizingiti.

Mwishoni Bi. Salma alimwambia kuhusu kuku asiwe na wasiwasi. Awaambie akina mama kwamba wale kuku walitangulia tu, kazi ilikuwa njiani. Akanirudishia simu. Mama akaniambia maneno mawili. La kwanza siliandiki hapa. La pili ni kwamba Jumapili nifike Kaloleni na barua mkononi, nisimame mbele ya akina mama mimi mwenyewe, na nije na kuku wawili. Hai.

Barua imetiwa sahihi juu ya kiti cha plastiki. Ninayo hapa, nimeisoma mara tisa kutafuta penye mtego. Sijauona bado. Ila kuna sharti moja ambalo halimo kwenye karatasi. Maafisa wale wameona watu walivyotoka milangoni, na wamekubaliana na Bi. Salma kwamba habari za kila wiki zianze kwa kumuulizia paka. Sauti iwe yangu.

Kwa hiyo wale mnaoishi Kibokoni na Ndia Kuu, Jumatatu saa tatu na nusu mkinisikia namwamkia paka kwa spika mbili, fungeni madirisha mchekee ndani. Mimi nipo kazini.